Jinsi ya Kusikiliza Siku Nzima ya Redio ya Wakati wa Vita na Familia Yote: Mwongozo Kamili

Watu wengi wakitaka kuonja redio ya wakati wa Vita Kuu ya Pili wanafanya hivi: wanatafuta hotuba ya Churchill, wanaongeza kipande cha Roosevelt, wanabandika na king'ora pamoja na wimbo mmoja wa kuaga wanajeshi, dakika arobaini imeisha, watoto wanarudi kwenye simu zao. Hiyo sio redio ya wakati wa vita jamani, hiyo ni trela. Mtu aliyekuwa na redio sebuleni mwaka 1939 hakuisikia vita kwa mtindo huo. Aliisikia huku anakaanga mayai, imebanwa kati ya tangazo la sabuni na mchezo wa mwanamke anayelia kwa sababu ya mapenzi, habari ya mji kuzingirwa ikachukua dakika chache halafu ikaja hali ya hewa, halafu muziki. Ukitaka watu wa nyumbani kwako waelewe hilo hamna njia ya mkato, inabidi msikilize siku nzima, kwa mpangilio wake uleule, pamoja na vipande vinavyoboa.

Na siku kama hiyo ipo, imerekodiwa yote. Ni Alhamisi tarehe 21 Septemba 1939, kituo cha WJSV cha Washington, Marekani, kilichokuwa chini ya mtandao wa redio wa CBS (baadaye mwaka 1943 kikabadilishwa jina kikawa WTOP). Kwa kushirikiana na Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani wakaamua kurekodi kwenye diski kila kilichotoka hewani siku hiyo, toka kituo kinafungua asubuhi mpaka kinafunga saa saba usiku. Habari, matangazo ya biashara, michezo ya kuigiza, mpira, bendi, kila kitu. Ni zaidi ya saa kumi na nane. Na tarehe yenyewe si mchezo, Ujerumani ilishaivamia Poland tangu tarehe 1, Uingereza na Ufaransa zikatangaza vita tarehe 3, Wasovieti wakaingia Poland kutokea mashariki tarehe 17, Warszawa bado imezingirwa na inapigwa, na siku hiyohiyo mchana Rais Roosevelt anaenda Bungeni kuomba sheria ya silaha ibadilishwe.

Kuna mtu ataniambia lakini Marekani ilikuwa haijaingia vitani. Ni kweli, iliingia Desemba 1941. Ila mimi naona ndo uzuri wa siku hii, unasikia nchi ambayo vita iko mlangoni na yenyewe bado inabishana ifungue au isifungue, na watu wanaendelea kununua supu ya kopo. Kwa familia yenye watoto hii ni rahisi kuieleza kuliko kuanza moja kwa moja na mabomu.

Haya, twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Pata faili na uzipange

Ingia Internet Archive, andika kwenye kutafuta WJSV 1939 Complete Broadcast Day, utazipata. Kusikiliza ni bure. Usifanye kosa la kusema utastream siku yenyewe, bando litaisha au mtandao utakatika katikati ya hotuba ya Rais na mood yote imekufa. Shusha mapema, usiku wakati wa bando la bei poa. Kuhusu ukubwa hesabu yake ni rahisi, faili ya kbps 64 inakula kama MB 29 kwa saa, kwa hiyo siku nzima ni kama nusu GB na kitu, na ukichagua ya kbps 128 zidisha mara mbili. Kwa sauti ya mwaka 1939 hiyo 64 inatosha kabisa, hutasikia tofauti, mikwaruzo iko palepale.

Faili zimekatwa kwa vipindi au kwa vipande vya nusu saa hivi kutegemea na nani alizipandisha. Kabla ya kitu kingine chochote zibadilishe majina ziwe na namba mbele, 01, 02, 03, kwa sababu programu nyingi zinapanga kwa alfabeti na utajikuta kipindi cha vichekesho cha jioni, Amos 'n' Andy, kinapiga saa moja asubuhi.

Hatua ya 2: Chombo cha kupigia

Spika moja. Moja tu, katikati ya nyumba, na kila mtu anasikia hiyohiyo. Mambo ya kila mtu na earphone zake hapana, siku nzima inakuwa haina maana.

Kama mna sabufa sebuleni yenye sehemu ya flashi, weka faili kwenye flashi na mmemaliza, ila angalizo moja kubwa hapa, sabufa nyingi za bei rahisi hazisomi majina, zinapiga kwa mpangilio ambao faili ziliingia kwenye flashi. Kwa hiyo usizikopi zote kwa mkupuo, futa flashi iwe tupu halafu kopi moja moja kwa kufuata namba. Jaribu siku moja kabla. Halafu shusha besi mpaka karibu na mwisho na upandishe treble, maana zile sauti za zamani zimebanwa katikati, ukiacha besi ya kawaida ya singeli utasikia mtu anaongea ndani ya pipa.

Kama mnayo redio ya zamani ya mzee ambayo bado inashika FM kuna kaujanja katamu zaidi. Chukua kile kidude cha FM cha kwenye gari kinachocheza flashi, kipe umeme, tafuta masafa ambayo hayana kituo mtaani kwenu, halafu shika masafa hayo kwenye redio ya mzee. Nguvu yake ni ya mita chache tu kwa hiyo kinabaki humo ndani kwenu, na ndivyo kinavyotakiwa kibaki, usije ukakifungia antena ndefu ukaanza kurushia majirani, hapo utakuwa umeanzisha kituo bila leseni. Ila sauti ya Roosevelt ikitokea kwenye ile redio ya mkulima yenye kibati mbele, hata mtoto wa miaka saba anakaa sawa.

Umeme wetu tunaujua. Chaji simu moja ijae, weka faili zote humo pia, na pawabenki pembeni. Umeme ukikatika mnahamia kwenye simu mnaendelea palepale mlipofika.

Hatua ya 3: Saa

Watu hapa wanajichanganya bila sababu, wanaanza kupiga hesabu za Washington na Afrika Mashariki. Achana nazo. Saa ya kule ichukue kama saa yako, kilichotoka hewani saa 12 na nusu asubuhi kwao kipige saa 12 na nusu asubuhi kwako. Unachotaka ni asubuhi yao iangukie kwenye asubuhi yenu, chai na chai, usiku na usiku.

Na sheria ni kwamba redio haisimami. Hakuna kupause, hakuna kurudisha nyuma. Mtu akienda dukani amekosa, arudi aulize wenzake. Hiyo peke yake inabadilisha jinsi watu wanavyosikiliza, utaona watu wanaambizana "nyamazeni kwanza" kama zamani kwenye taarifa ya habari.

Hatua ya 4: Karatasi ya ukutani

Hii ndo roho ya siku yote, ukiruka hatua nyingine zote usiruke hii. Chukua manila, chora safu mbili. Juu ya moja andika VITA, juu ya nyingine andika BIASHARA. Tundika karibu na spika na kalamu ya kamba. Kila vita ikitajwa kwa namna yoyote, aliye karibu anapiga mstari na kuandika saa. Kila tangazo la bidhaa likipita, mstari upande wa pili. Watoto wanaipenda hii kazi ajabu, watagombania kalamu. Ukifika adhuhuri hakuna haja ya kumweleza mtu chochote, karatasi inaongea, safu ya BIASHARA imefurika na ile ya VITA ina mistari ya kuhesabika, kisha baada ya saa nane mchana mambo yanageuka ghafla.

Pembeni ya karatasi bandika ramani ya Ulaya hata ya kuchora kwa mkono, weka alama Warszawa, Berlin, Paris, London na Bucharest. Bucharest ni ya muhimu, siku hiyohiyo waziri mkuu wa Romania, Armand Călinescu, aliuawa kwa risasi na watu wa Iron Guard, kundi la kifashisti la hukohuko Romania. Kwa hiyo mmoja mpe kazi ya kutega sikio likitajwa jina la Romania.

Hatua ya 5: Lugha

Siku yote ni Kiingereza, na Kiingereza cha haraka cha Marekani cha zamani, tusidanganyane. Kama nyumbani kuna bibi au wadogo ambao hawajafika huko, chagua mtu mmoja awe mtangazaji wa nyumba. Kazi yake ni kudokeza kwa Kiswahili wakati wa matangazo ya biashara, dakika moja inatosha: "huyu ni daktari, yule nesi anampenda ila hajui". Asitafsiri juu ya sauti, ataudhi kila mtu. Kwa hotuba ya Roosevelt huwezi kwenda hivyo, inabidi uandae karatasi ya Kiswahili kabla, hotuba yote ipo kwa maandishi mtandaoni, fupisha iwe ukurasa mmoja. Kwenye hatua ya 7 nimekuwekea mambo ya kuweka humo.

Hatua ya 6: Asubuhi, Godfrey na michezo ya sabuni

Mnaanza na Arthur Godfrey. Huyu ndo alikuwa mtangazaji wa asubuhi wa WJSV, anapiga santuri, anataja saa, anasoma matangazo kwa sauti ya mtu ambaye bado hajanywa kahawa. Hamna haja ya kukaa kumsikiliza kwa makini, piga mswaki, chemsha chai, fagieni, ndivyo alivyosikilizwa. Waambie wakubwa tu kwamba ni huyuhuyu ambaye Aprili 1945 alitangaza maandamano ya mazishi ya Roosevelt na sauti ikamkatika hewani. Asubuhi hii bado ni mtu wa masihara.

Kuanzia kama saa tatu kasoro robo inaanza mvua ya michezo ya kuigiza ya robo saa robo saa, mmoja ukiisha unaingia mwingine mpaka mchana. Inalipiwa na makampuni ya sabuni na mafuta ya kupikia, Big Sister ni ya sabuni ya Rinso, Aunt Jenny ni ya mafuta ya Spry, yaani kama mchezo mzima ungeletwa kwenu na Kimbo. Usiidharau. Our Gal Sunday inayokuja saa sita kasoro robo ni ya binti yatima wa mji wa machimbo aliyeolewa na lodi wa Kiingereza, mashangazi wataikamata hiyo dakika ya tatu tu. The Romance of Helen Trent ya saa tano na nusu inauliza kama mwanamke aliyevuka miaka thelathini na tano bado anaweza kupata mapenzi, na swali hilo waliliburuza toka 1933 mpaka 1960, miaka ishirini na saba! Anayelalamika kuhusu tamthilia za Kituruki kuwa ndefu amwonee huruma mama wa Washington.

Hapa watoto wa kiume wataanza kusinzia na baba atataka kuruka mbele. Usikubali. Karatasi ya ukutani inahitaji hizi saa, vinginevyo hotuba ya saa nane inapoteza uzito wake.

Saa nne asubuhi kuna kipindi cha mapishi cha Mary Lee Taylor, kilicholipiwa na maziwa ya kopo ya Pet. Tumieni hicho kupika cha mchana. Weka kopo la maziwa yasiyo na sukari mezani, mpishi asikilize na ajaribu kitu chochote chenye maziwa hayo, viazi vya rojo ya maziwa, samaki, hata wali. Sio lazima ufuate mapishi yao, mengine kwa kweli hayana chumvi wala kitu.

Halafu saa sita kamili mchana kuna The Goldbergs. Hii waite watu wakae. Ni mchezo wa familia ya Kiyahudi ya New York, uliandikwa na Gertrude Berg na yeye mwenyewe anaigiza mama wa nyumba, unalipiwa na sabuni ya Oxydol. Ni robo saa ya mambo ya nyumbani tu. Lakini wewe unayejua historia unajua kitu ambacho hakuna msikilizaji wa siku ile angekijua: tarehe hiyohiyo, Berlin, Reinhard Heydrich, mkuu wa polisi ya usalama ya Wanazi, alitoa maagizo kwa wakuu wa vikosi vyake vilivyokuwa Poland kwamba Wayahudi wa vijijini wakusanywe kwenye miji iliyoko karibu na reli. Agizo la siri, halikutangazwa popote. Kama watoto ni wakubwa wa sekondari waambie kipindi kikiisha. Kama ni wadogo usiwaambie, wasikilize mama Goldberg na majirani zake basi. Na usiliandike kwenye safu ya VITA, kwa sababu redio haikulisema. Karatasi ile ni ya vilivyosikika tu.

Hatua ya 7: Saa nane mchana

Kula mapema, vyombo vitoke, watu wote sebuleni. Saa nane kamili Roosevelt anahutubia mabaraza yote mawili ya Bunge, aliyaita kwa kikao maalumu. Karatasi yako ya Kiswahili iwe na mambo haya na iwe mkononi mwa kila asiyejua Kiingereza.

Kwamba Marekani ilijiwekea sheria za kutoegemea upande kuanzia mwaka 1935, zikikataza kuuza silaha kwa nchi yoyote iliyoko vitani, hata iwe imeonewa. Kwamba Rais mwenyewe alisaini sheria hiyo na mbele ya Bunge anakiri kuwa anajuta kuisaini, kipande hicho kisikilizeni sana, si kawaida mkubwa wa nchi kusema hivyo mbele ya wabunge. Kwamba anaomba zuio la silaha liondolewe, na badala yake nchi inayotaka kununua ilipe taslimu na ije ibebe na meli zake yenyewe. Kwamba kwa maneno matupu hiyo ni kwa wote, ila kwa vitendo ni Uingereza na Ufaransa ndio wenye meli za kuvuka Atlantiki, na kila mtu ukumbini alijua. Kwamba Bunge lilikubali na akasaini sheria mpya tarehe 4 Novemba 1939.

Hotuba inaenda kama dakika arobaini. Wadogo hawatakaa zote, waache watoke wacheze, mradi wasipige kelele dirishani. Mara tu baada yake inakuja hotuba ya Édouard Daladier, waziri mkuu wa Ufaransa, halafu wachambuzi. Yaani kwa saa nzima na zaidi vita ndo iko hewani, na hakuna Helen Trent. Angalieni karatasi.

Halafu, na hapa ndipo mimi huwa nawaambia watu wasiinuke, saa tisa na robo mchezo wa kuigiza unarudi. Hivihivi tu! Rais ametoka kusema dunia inaungua, na sasa ni maisha ya binti anayeitwa Alice Blair. Wasikilize watu wako watasema nini. Usiongoze mazungumzo, kaa kimya uone, kuna watakaocheka, kuna watakaokasirika, na bibi pengine atasema mbona ndo hivyohivyo siku zote.

Hatua ya 8: Jioni, mpira

Saa kumi wanaungana na besiboli, Washington Senators wakicheza na Cleveland. Kwa sisi watu wa mpira wa miguu ni mtihani, sheria hazieleweki na kuzifundisha kwa saa moja haiwezekani, usijaribu. Cha kuwaambia ni kwamba anayetangaza ni Walter Johnson, ambaye mwenyewe alikuwa mrushaji wa timu hiyohiyo ya Washington, na mkubwa kweli katika historia ya mchezo huo, kama vile mshambuliaji mstaafu wa Simba au Yanga apewe kipaza sauti atangaze mechi ya timu yake. Anatangaza polepole, na kimyakimya kingi. Ni saa nzuri ya kuogesha watoto na kuinjika chai ya jioni huku mpira unanung'unika nyuma.

Saa kumi na moja na nusu habari, hiyo msikilize, ni muhtasari wa siku na hotuba ishakuwa habari kuu.

Hatua ya 9: Amos 'n' Andy, na mazungumzo ambayo huwezi kuyakwepa

Saa kumi na mbili jioni kinaingia kipindi kilichokuwa miongoni mwa vilivyopendwa kuliko vyote Marekani, kinalipiwa na supu ya Campbell's. Waigizaji ni Freeman Gosden na Charles Correll, Wazungu wawili, wanaigiza sauti za watu weusi kwa kuwafanya wachekeshe. Sasa nyumbani kwetu sebule imejaa watu weusi wanasikiliza. Wengine wanashauri kukiruka. Mimi nakataa, siku ni nzima au si nzima, lakini usikipige bila kusema kitu kabla. Waeleze watoto waziwazi nani anaigiza na kwa nini, na waeleze pia kwamba watu weusi wa Marekani hawakukaa kimya, gazeti la Pittsburgh Courier lilikusanya sahihi kupinga kipindi hicho mapema kabisa, mwaka 1931. Kisha wasikilize wajiamulie. Wakishasikia hiki, hotuba ya mchana kuhusu haki za mataifa inasikika tofauti kidogo.

Hatua ya 10: Usiku wa familia

Sasa raha. Saa kumi na mbili na nusu kuna Joe E. Brown mchekeshaji. Saa moja usiku Ask-It Basket, chemsha bongo, gaweni timu mbili, wazee na vijana, na mtangazaji wa nyumba atafsiri maswali harakaharaka, huyu pekee ndiye nampa ruhusa ya kuongea juu ya redio. Maswali mengine yanahusu Marekani ya zamani mno hakuna atakayejua, poa tu. Saa moja na nusu Strange As It Seems, visa vya ajabu vinavyoigizwa, watoto wadogo wanapenda hata bila kuelewa maneno yote kwa sababu ya milio. Saa mbili Major Bowes, mashindano ya vipaji ya watu wa kawaida, kama zile bongo star search lakini bila picha, na washindi wanapigiwa kura.

Saa tatu usiku Columbia Workshop, maigizo ya majaribio. Hii ni ya wakubwa, wadogo walale.

Saa hizi za usiku ndipo wazee waulizwe ya kwetu. Septemba 1939 Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilikuwa haijafikisha miezi mitatu, ilianza tarehe 27 Juni mwaka huohuo, na wenye redio huku walikuwa wachache mno, habari ilitembea kwa mdomo kutoka kwa karani, kwa mwenye duka, kwa bwana shauri. Tanganyika Wajerumani waliokuwa wakiishi huku walikuwa wanakamatwa na kuwekwa kizuizini. Muulize bibi alisikia nini kwa baba yake kuhusu Keya (jeshi la Waingereza la askari Waafrika, KAR), nani kwenye ukoo alipelekwa Uhabeshi au Bama (Burma), familia ilijuaje kama mtu wao yu hai. Rekodi majibu kwa simu. Hayo hayako Internet Archive.

Habari za saa nne ndo za mwisho za kukusanya kila mtu. Baadaye hotuba ya Roosevelt inarudiwa kwa waliokuwa kazini mchana, na hapa kuna faida, waliochoka mchana wanaweza kujaribu tena wakiwa na karatasi ya Kiswahili. Halafu ni bendi za dansi moja baada ya nyingine, baada ya saa sita usiku kuna Louis Prima, wa tarumbeta, weka sauti chini kidogo na anayetaka acheze mpaka saa saba.

Mambo madogo madogo

Msivae kofia za chuma na kuziba madirisha kwa mapazia meusi. Najua inapendeza kwenye picha ila Washington ya Septemba 1939 taa zilikuwa zinawaka, giza la lazima lilikuwa London. Ukitaka siku ya giza chagua siku nyingine.

Chagua Jumamosi, sio Jumapili, maana siku inaisha usiku sana na watu wanahitaji kesho yake ya kulala.

Kama familia haiwezi siku nzima, usikate vipande vizuri vizuri. Chukua saa sita mfululizo bila kuruka kitu, kuanzia saa sita mchana mpaka saa kumi na mbili, utapata Goldbergs, Rais, Alice Blair, mpira na habari. Ni bora hizo kuliko saa mbili za hotuba tupu.

Na wakiipenda na kuomba nyingine, iliyopo ni tarehe 6 Juni 1944, siku ya kutua Normandy. CBS na NBC zote zimehifadhiwa. Hiyo inaanzia usiku wa manane kwa saa za New York, kwanza ni fununu kutoka redio ya Wajerumani ambazo watangazaji wanazisoma kwa tahadhari, wanarudia mara kwa mara kwamba hazijathibitishwa, mpaka kwenye saa tisa na nusu usiku makao makuu ya Eisenhower yanathibitisha, na saa nne usiku unaofuata Roosevelt anasoma sala hewani. Kwa hiyo ratiba yake ni tofauti, watu wazima waanze usiku, watoto waamshwe asubuhi wakute karatasi ya ukutani ishaanza kujaa, na safari hii safu ya VITA iwe pana zaidi, kata manila mbili. Faili ni nyingi kuliko za WJSV, chagua mtandao mmoja tu kati ya hiyo miwili na ukae nao, ukichanganya utasikia taarifa ileile mara mbili na namba za faili zitakuvuruga.